Mwongozo kamili wa kufunga taa za milangoni kwenye gari

Taa ya mlangoni ni taa ndogo inayokaa sehemu ya chini ya mlango wa gari na kuwaka mlango unapofunguliwa. Inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumulika chini ili anayeshuka aone dimbwi, shimo au ukingo wa barabara kabla hajakanyaga. Ya pili, ambayo husahaulika sana siku hizi kwa sababu ya taa za urembo zinazochora nembo chini, ni kumwonya anayekuja kwa nyuma, hasa mwendesha baiskeli au pikipiki, kwamba mlango uko wazi na umeingia katika njia yake. Kwa maoni yangu, kazi hii ya pili ndiyo inayostahili jasho la kufungua mlango mzima, na taa isiyoifanya ni pambo tu.

Anayeweza kushika bisibisi na kusoma mita ya mkononi ya kupimia umeme (multimita) anaweza kuikamilisha kazi hii mwenyewe. Ugumu uko sehemu mbili: kuelewa swichi ya mlango ya gari husika inavyofanya kazi, na kupitisha waya kutoka kwenye nguzo ya bodi (chuma cha wima kilicho pembeni mwa mlango) hadi ndani ya mlango bila kuharibu kitu. Mambo mengine ni uvumilivu na vipimo.

Kuangalia kama gari limeshaandaliwa

Kabla ya kununua chochote, chunguza kava la ndani la mlango, upande wa chini karibu na ukingo wa nyuma. Watengenezaji wengi hutoa gari moja katika madaraja kadhaa, na kava la mlango huwa ni lilelile kwa yote. Lile la daraja la juu linapewa taa, na lile la chini linazibwa kwa kipande cha plastiki chenye umbo la taa. Ukikiona kipande hicho, tundu unalo tayari. Ukishavua kava, tafuta pia kama kuna soketi ndogo iliyofungwa kwa tepu kwenye mkungu wa nyaya, kwa kuwa mara nyingine hata waya huwa umeshafikishwa mlangoni ukisubiri taa. Katika hali hiyo kazi ya siku nzima hugeuka kuwa kazi ya saa moja, ingawa katika baadhi ya magari italazimu kompyuta ya bodi, ile inayoongoza vitu kama taa za ndani, iwekewe mpangilio wa kuitambua taa hiyo.

Kuchagua taa

Chagua taa yenye vioo viwili: cheupe kinachoelekea chini, na chekundu kinachotazama nyuma mlango unapokuwa wazi. Mwanga mweupe usielekezwe nyuma, kwa kuwa katika nchi nyingi sheria inauacha kwa taa chache tu, kama ile ya kurudi nyuma, na dereva anayekuja anaweza kudhani kwamba gari linarudi.

Taa za asili za mlangoni hutumia balbu ya kuchomeka ya wati 5, ile ijulikanayo kama W5W au T10, au balbu ndefu mfano wa fyuzi ya kioo, ambayo kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 31, 36 au 41. Balbu nne za wati 5 zinavuta jumla ya wati 20, yaani takriban ampea 1.7 kwenye mfumo wa volti 12. Milango ikiachwa wazi wakati wa kusafisha gari au kupakia mizigo, betri ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza nusu ya chaji yake baada ya saa 13 hivi, hata kabla ya kuhesabu taa ya ndani. Taa za LED za wati 1 kila moja zinavuta jumla ya theluthi moja ya ampea, na hazitoi joto la kuikunja plastiki ya kava. Kwa hiyo nunua LED, mradi ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya gari na zinaweza kuhimili hadi volti 16, kwa sababu injini inapofanya kazi mfumo unaoitwa wa volti 12 hupanda hadi volti 13.8 au 14.4. Wenye malori ya volti 24 wanunue taa za volti 24.

Zipo pia taa za kubandika zenye betri zake, zinazowashwa na sumaku ndogo inayobandikwa kwenye fremu. Zinafaa kwa milango ya kuteleza pembeni, ambako kupitisha waya ni kazi ya aina nyingine kabisa. Kwa milango ya kawaida sizipendekezi, kwa kuwa gundi huachia kwa joto na maji, na betri huisha bila mtu kujua.

Kuielewa swichi ya mlango

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Magari hutofautiana kwa namna tatu, na kosa la kuunganisha linaweza kuunguza kompyuta ya bodi, ambayo thamani yake haina uhusiano wowote na thamani ya taa.

Namna ya kwanza, iliyoenea katika magari ya zamani, ni swichi ya kubonyea iliyofungwa kwenye nguzo. Taa ya ndani inapata chanya moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi muda wote, na swichi inakata au kuunganisha upande wa hasi. Mlango ukifunguka, pini ya swichi inatoka nje, waya unagusana na bodi, na taa inawaka. Namna ya pili, ambayo ni adimu, ni swichi inayokata upande wa chanya. Namna ya tatu ndiyo ya magari mengi ya kisasa: swichi ni ndogo sana, imefichwa ndani ya kitasa chenyewe, na kazi yake ni kuipelekea kompyuta ya bodi taarifa tu. Kompyuta ndiyo inayoamua taa ya ndani iwake, ififie au izime.

Ili kujua lako ni lipi, weka taa ya ndani kwenye alama ya mlango, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), gusisha waya mweusi wa mita kwenye chuma kisichopakwa rangi, na ule mwekundu kwenye waya wa swichi ya mlango. Kama mlango ukiwa umefungwa unasoma volti 12 hivi, na ukifunguliwa usomaji unashuka hadi karibu na sifuri, swichi inakata hasi. Kama ni kinyume chake, inakata chanya. Ukisoma volti 5 au kiasi kingine kisicho cha kawaida, hapo ni kompyuta. Lakini tahadhari: hata kompyuta inaweza kuonyesha volti 12 zinazoshuka hadi sifuri. Kwa hiyo toa balbu ya taa ya ndani upime tena. Volti zikitoweka, saketi ni ile rahisi ya zamani. Zikibaki, kuna chanzo kingine, ama ni taa ya onyo kwenye dashibodi au ni kompyuta, na ni lazima mchoro wa nyaya wa gari husika utafutwe kabla ya kuendelea. Dalili nyingine iliyo wazi ni taa ya ndani inayofifia taratibu baada ya mlango kufungwa: hiyo karibu daima ni kazi ya kifaa cha elektroniki. Katika magari ya namna hii usitumie taa ya majaribio ya balbu, kwa maana huvuta mkondo mkubwa kuliko waya wa taarifa ulivyokusudiwa kubeba.

Mahali pa kuchukua umeme

Kwa gari lenye swichi inayokata hasi, chanya ya taa mpya itoke kwenye chanya ya kudumu ya taa ya ndani au kwenye sanduku la fyuzi, kupitia fyuzi yake ya ampea 1 au 2 iliyowekwa karibu kabisa na chanzo. Fyuzi inalinda waya. Ikikaa karibu na taa, kipande chote kinachoitangulia hakina mlinzi. Hasi ya taa iende kwenye waya wa swichi ya mlango. Unganisha kwenye waya huo wa swichi, wala si kwenye mguu wa balbu ya taa ya ndani, ili abiria akiwasha taa ya ndani kwa mkono usiku gari likitembea, taa za milangoni zisiwake pamoja nayo. Kwa swichi inayokata chanya mambo yanageuka: chanya ya taa inatoka kwenye waya wa swichi, na hasi inakwenda kwenye bodi.

Kwa kawaida nyaya za swichi zote nne hukutana kuwa waya mmoja, na hivyo ukifungua mlango mmoja taa za milango yote zitawaka. Haidhuru sana. Anayetaka kila mlango uwashe taa yake peke yake anahitaji daiodi, yaani kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila swichi. Kwa swichi inayokata hasi, kata waya karibu na swichi, kisha weka daiodi katikati, upande wenye mstari ukielekea kwenye swichi. Hasi ya taa ya mlango huo unganisha kati ya daiodi na swichi. Mlango ukifunguka, swichi inaipatia taa yake hasi moja kwa moja na taa ya ndani kupitia daiodi. Mlango mwingine ukifunguka, daiodi inazuia umeme wa taa hii usipite kurudi kwenye waya wa pamoja, nayo inabaki imezimika. Daiodi ya 1N4007 hubeba ampea 1, ambayo inatosha kwa taa moja ya ndani ya wati 5. Kama kuna taa za ndani mbili au tatu, tumia 1N5404 inayobeba ampea 3.

Kwa gari linaloongozwa na kompyuta, usiguse waya wa swichi. Chukua umeme kwenye waya ambao kompyuta inautumia kuwasha taa ya ndani, kwa kuwa waya huo umejengwa kubeba mzigo. LED nne za wati 1 ni mzigo mdogo kuliko balbu moja ya wati 5, na ukibadilisha balbu ya ndani kuwa LED, jumla yote itakuwa karibu sawa na ilivyokuwa mwanzo au chini yake. Wengi hushauri relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na ni ushauri mzuri pale taa ya ndani inapowaka na kuzima kwa mkupuo. Ikiwa inafifia, kompyuta huwa inakata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, na relei itatetemeka na kunguruma hadi taa izime. Hapo ni bora kuunganisha LED moja kwa moja sambamba na taa ya ndani.

Kuvua kava la mlango

Kabla ya kung'oa waya wa betri hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama gari lako linaihitaji, teremsha vioo, na funguo ziwe mfukoni mwako. Ondoa waya wa hasi, kisha usubiri dakika kadhaa ili mfumo wa mifuko ya hewa (ile inayofura kumkinga mtu wakati wa ajali) upoteze umeme uliobaki. Nyaya na soketi za rangi ya njano, au zilizofunikwa kwa ala ya njano, kwa kawaida ni za mifuko hiyo. Usizipime, usizichune, wala usifunge waya wako juu yake.

Skrubu za kava hujificha ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, nyuma ya mkono wa kufungulia, na chini ya vifuniko vidogo vya pembeni. Zikishatoka zote, ingiza kipande bapa cha plastiki kati ya kava na chuma, ukianzia kona ya chini, na uachilie klipu moja baada ya nyingine karibu kabisa na kila klipu ilipo. Mara nyingi kava hunyanyuliwa juu ili litoke kwenye mfereji wa kioo. Usilivute ghafla, kwani limeshikwa na nyaya za swichi za vioo na kebo ya kitasa. Nyuma yake utakuta nailoni au sponji iliyogandishwa kuzuia maji. Ibandue taratibu kwa kisu chembamba, uhifadhi gundi yake, kwa sababu nailoni hiyo ni lazima irudi mahali pake bila pengo. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila inyeshapo na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye zulia. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari yana kihisi kinachotambua ajali ya ubavuni kwa kupima shinikizo la hewa ndani ya mlango, na uwazi usiozibwa unaweza kukivuruga.

Kupitisha waya

Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye unene wa milimita 0.5 za mraba. Waya wa uzi mmoja mnene, kama ule wa majumbani, utavunjika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Pitisha nyaya mbili, chanya na hasi. Usitegemee chuma cha mlango kuwa hasi, kwa kuwa njia yake ya kurudi kwenye bodi ni bawaba zilizojaa grisi na rangi.

Kati ya nguzo na mlango kuna mpira wenye mikunjo unaobeba nyaya za kiwandani. Ung'oe mdomo wake pande zote mbili kwa vidole, bila bisibisi yenye ncha. Chukua waya wa ndani wa breki ya baiskeli, funga kichwa chake kwa tepu ili usichome, kisha uusukume kutoka upande wa mlango hadi utokee upande wa nguzo. Kwenye mkunjo wa katikati utakwama. Uunyooshe mpira kwa mkono mmoja huku ukiuzungusha waya kwa mwingine, nao utapita. Nyunyizia silikoni au maji ya sabuni ndani ya mpira, na kamwe usitumie oili ya injini, kwani huufanya mpira uvimbe na kuoza. Funga nyaya zako mpya kwenye mwisho wa waya wa breki kwa tepu iliyochongoka, moja nyuma ya nyingine ili fundo lisiwe nene, halafu vuta polepole. Acha ulegevu wa kutosha, fungua mlango hadi mwisho, ufunge, na uangalie kama nyaya zinakazika au zinabanwa kwenye bawaba.

Magari mengine hayana mpira ulio wazi bali yana soketi kubwa iliyofungwa kwenye nguzo. Tafuta mchoro wake na uone kama kuna pini zilizoachwa wazi, kwani kununua vichwa vya pini vinavyolingana ni njia safi kuliko zote. Kutoboa soketi ni kubahatisha. Kutoboa nguzo na mlango kunawezekana, lakini kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu na livalishwe mpira, na kabla ya drili kugusa chuma ujue ni nini kilicho nyuma yake.

Kukata tundu na kufunga taa

Weka taa kwenye kona ya chini ya nyuma ya kava, mahali ambapo mlango ukifungwa haitagusa kiti wala mpira wa fremu. Kujua kama nafasi ya nyuma inatosha, bandika donge la udongo laini wa kuchezea kwenye chuma, rudisha kava mahali pake na ulibonyeze, kisha ulivue na upime unene wa donge lililobanwa. Unene huo ndio kina cha juu kabisa cha taa unayoweza kuifunga bila kukata chuma.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kava, chora umbo la taa, toboa pembe nne kwa drili, na ukate kwa msumeno mwembamba ndani kidogo ya mstari. Malizia kwa tupa, kwa kuwa tundu dogo huongezeka na kubwa halipungui. Skrubu ziwe fupi.

Kuunganisha na kupima

Viunganishi vya kubana kwa koleo vinafaa kuliko lehemu katika mlango, kwa sababu lehemu huufanya waya kuwa mgumu na kuukata pale ugumu unapoishia. Viepuke vile viunganishi vinavyouma waya bila kuuchuna, kwani hukata nyuzi na kuingiza unyevu. Funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na nyaya zifungwe mbali na njia ya kioo na mashine yake, zikining'inia kidogo kabla ya kuingia kwenye taa ili maji yadondoke badala ya kufuata waya hadi kwenye balbu.

Rudisha betri na ujaribu kabla ya kurudisha kava. LED isipowaka, geuza chanya na hasi, kwa kuwa nyingi huwaka upande mmoja tu. Taa ya ndani isipozima milango yote ikiwa imefungwa, kuna waya uliobanwa na kugusa bodi. Ukiwa umeweka daiodi na bado taa zote zinawaka pamoja, kuna daiodi iliyogeuzwa au taa iliyounganishwa upande usio wake. LED ikibaki na mwanga hafifu mlango ukiwa umefungwa, ni mkondo mdogo ambao kompyuta hupitisha kukagua kama balbu ipo. Rezista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi) ya omu 1,000 yenye uwezo wa nusu wati, ikiwekwa sambamba na taa, yaani kati ya chanya na hasi yake, huumaliza.

Kipimo cha mwisho ni cha umeme unaopotea gari likiwa limelala, na ni vizuri kiwe kimechukuliwa pia kabla ya kazi ili uwe na cha kulinganisha. Unganisha mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake, zungusha ulimi wa kitasa kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, na usubiri angalau nusu saa kompyuta zilale. Usifungue mlango wala kuwasha chochote wakati mita iko kwenye miliampea, la sivyo fyuzi ya ndani ya mita itaungua. Magari mengi husoma chini ya miliampea 50. Usomaji wa baada ya kazi ukizidi ule wa kabla, chomoa fyuzi ya taa mpya: usomaji ukishuka, kasoro iko kwenye nyaya ulizozifunga, na kwa kawaida iko kwenye ule mpira wa mikunjo.